Uzi maalum: Usimame wapi kuupiga picha Msikiti wa Gaddafi hapa Dodoma? Jua, umbali, urefu na ruhusa

#1 Mdau_wa_Makole

Habari za humu wakuu. Swali la wageni wanaopita Dodoma ni lilelile: "Nina siku moja, nisimame wapi nipate picha ya maana ya Msikiti wa Gaddafi?" Jibu wanalopewa huwa "tafuta ghorofa" au "panda UDOM" (Chuo Kikuu cha Dodoma, kule milimani), basi. Halimsaidii mtu, maana sehemu inayopendeza asubuhi ya Desemba ni kiza kitupu asubuhi ya Juni. Tuweke kila kitu hapa, na anayejua aongezee.

Msikiti ulifunguliwa 2010 kwa ufadhili wa Libya, unaingiza waumini wapatao 3,000. Kuta zake zina rangi ya waridi iliyofifia, na hiyo rangi ndiyo ya kwanza kuharibika mwanga ukiwa mbaya. Jua la saa saba linaifanya nyeupe kama chokaa, kivuli kinaifanya ya kijivu. Ukitaka rangi ile itoke, lazima ujue jua litakuwa upande gani kabla hujatoka nyumbani.

Anza na Qibla, yaani upande wa Makka ambao waumini wanauelekea wakiswali. Kutoka Dodoma, Makka iko karibu kaskazini kabisa, imeegemea mashariki kwa nyuzi 8 hivi. Msikiti ukijengwa kwa mstari huo, ukuta wa mihrabu unatazama kaskazini, wa nyuma kusini, na mbavu mbili zinatazama mashariki na magharibi.

Sasa jua. Tuko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka: tarehe 4 au 5 Machi, na karibu na tarehe 9 Oktoba. Baada ya Machi jua la mchana linahamia upande wa kaskazini hadi Oktoba. Baada ya Oktoba linakuwa upande wa kusini hadi Machi. Wengi wanadhani kwa kuwa tuko jirani na Ikweta basi jua ni lilelile mwaka mzima. Sivyo. Juni linachomoza kaskazini-mashariki, nyuzi 23 hivi kutoka mashariki halisi, na Desemba linachomoza kusini-mashariki kwa kiasi hichohicho. Ukijumlisha ni tofauti ya nyuzi 47, na hiyo inabadilisha kila kitu.

Matokeo yake ni haya. Kuanzia katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Agosti, ukuta wa kusini haupati jua la moja kwa moja hata dakika moja, tangu linachomoza hadi linazama. Ukienda Julai ukasimama upande huo ukingoja "jua lifike", utangoja mpaka isha. Miezi hiyo kaa kaskazini mwa jengo.

Na usipige ukuta mmoja ukiwa umeukabili uso kwa uso. Simama kwenye pembe, ili ukuta mmoja upigwe na jua kwa mbele na wa pili upitiwe na jua kwa ubavu. Ule wa ubavuni ndio unaotoa nakshi, kwa sababu kila mchongo unaweka kivuli chake. Pembe za kusimama:

Mei hadi Agosti asubuhi: kaskazini-mashariki.
Mei hadi Agosti jioni: kaskazini-magharibi.
Novemba hadi Januari asubuhi: kusini-mashariki.
Novemba hadi Januari jioni: kusini-magharibi.

Miezi iliyobaki jua linachomoza na kuzama karibu na mashariki na magharibi halisi. Asubuhi chukua ubavu wa mashariki, jioni wa magharibi.

#2 Ipagala_Kwetu

Madini haya mkuu. Swali: mtu atajuaje ukuta upi ni wa kaskazini akiwa pale chini, barabarani, na hajui mji?

#3 Mdau_wa_Makole

Dira ya simu inatosha, ila itumie vizuri. Kaa mbali na gari, geti la chuma na nguzo kwa mita tano au zaidi, maana chuma kinaivuta sindano. Izungushe simu hewani kwa umbo la namba 8 mara kadhaa ili dira ijirekebishe, kisha iweke bapa kiganjani. Soma sehemu mbili tofauti. Zikipishana kwa zaidi ya nyuzi 10, kuna chuma karibu, hama tena.

Bila simu: kivuli cha mti wowote uliosimama wima kikiwa kifupi kuliko muda wote wa siku, kimelala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Hapa kwetu hiyo si saa 6:00 kamili. Saa zetu zinafuata mstari ulio mashariki zaidi, kwa hiyo kivuli kifupi kinaangukia kati ya saa 6:21 (mwanzoni mwa Novemba) na saa 6:51 mchana (katikati ya Februari).

#4 FundiLenzi

Mdau kaweka msingi. Mimi niongeze umbali, maana hapo ndipo picha nyingi za simu zinapokufa.

Ukisimama karibu na geti ukainua simu juu ili mnara uingie, mistari ya jengo inainamiana kuelekea juu na mnara unaonekana unaanguka kinyumenyume. Shida si ubora wa simu. Sehemu ya juu ya mnara iko mbali zaidi nawe kuliko ya chini, na simu uliyoiinamisha inalirekodi hilo kwa uaminifu. Dawa ni kushika simu wima bila kuiinamisha hata kidogo na kurudi nyuma mpaka mnara uingie wenyewe.

Kiasi cha kurudi nyuma kinahesabika. Kwa lenzi kuu ya simu (ile ya 1x), simu ikiwa imesimama, umbali ni urefu wa jengo mara moja na nusu. Simu ikiwa imelala, mara mbili. Ukitumia 2x, zidisha kila namba kwa mbili. Kisha ongeza moja ya tano ili juu ya mnara pabaki anga, kwani mnara unaogusa ukingo wa picha unakaba.

Kupata urefu wa mnara huhitaji kumuuliza mtu. Simamisha kijiti cha mita 1 kwenye ardhi sawa, pima kivuli chake. Papo hapo pima kivuli cha mnara, kuanzia chini ya ncha yake hadi mwisho wa kivuli. Gawa kivuli cha mnara kwa kivuli cha kijiti. Mfano tu: kijiti kimetoa sentimita 80 na mnara umetoa mita 24, basi mnara ni mita 30. Hapo simu iliyosimama inataka mita 45, na ukiongeza anga ni mita 54. Fanya hivyo saa 3 asubuhi au saa 9 mchana. Machi mwanzoni na Oktoba mwanzoni usijaribu mchana, kivuli kinakuwa kifupi mno na kosa dogo la kipimo linageuka mita nyingi.

Halafu tafadhali acheni ile lenzi pana ya 0.5x kwa majengo. Inavuta pembe za picha, na kuba linageuka yai.

#5 Mwana_Nzuguni

Mbona hakuna aliyeitaja UDOM? Ile milima ya chuo unauona mji wote. Si ndiyo sehemu bora ya kuupiga msikiti?

#6 FundiLenzi

Ni sehemu bora ya kuupiga mji, Mwana Nzuguni. Kwa msikiti peke yake, hapana, na hesabu inaonyesha kwa nini.

Kutoka chuo hadi katikati ya mji ni kama kilomita 8. Chukua tena mnara wa mfano wa mita 30. Kwa simu ya 1x yenye pikseli 4,000 kwa upande mrefu, mnara huo utachukua pikseli 11 hivi. Hata ukija na kamera kubwa na lenzi ya milimita 300, mnara utakuwa na urefu wa milimita 1.1 kwenye sensa yenye kimo cha milimita 24. Ya 600 inakupa milimita 2.25, bado haijafika moja ya kumi ya picha. Ukiikata picha uikuze, unakuza na hewa yote ya kilomita nane iliyo katikati.

Hiyo hewa ndiyo tatizo la pili. Jua likishapanda, mabati na lami vinachemka, hewa ya chini inapata tabaka za joto tofauti, na mwanga unapindwa ukipita humo. Kupitia lenzi ndefu unaona majengo yanacheza. Hakuna spidi wala stendi inayolitibu. Ukitaka picha ya mbali, saa moja na nusu ya kwanza baada ya jua kuchomoza ndiyo yako, baadaye ni kupoteza muda.

#7 Mwana_Nzuguni

Sawa kaka, nakubali kwa msikiti. Ila nisiiache UDOM hivihivi, maana kwa picha ya mji mzima hakuna pa kulinganisha. Chuo kiko mashariki mwa mji, kwa hiyo asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako na mji wote mbele umewaka. Jioni ni kinyume: unatazama jua linakozama, mji unakuwa kivuli cheusi chini ya anga la machungwa. Vyote viwili ni vizuri, ila mtu ajue anakwenda kuchukua kipi. Anayetaka majengo yaonekane aende alfajiri. Anayetaka vilele vya milima vikipishana aende jioni.

Pia ni eneo la chuo. Jitambulishe getini, sema unachotaka kupiga. Ukionekana unazunguka na lenzi ndefu bila maelezo utasimamishwa, na ni haki yao.

#8 Bi_Hawa_Changombe

Assalaam alaykum na habari zenu wote. Mnazungumza mwanga na hesabu, ni vizuri, lakini ile ni nyumba ya ibada kabla ya kuwa sura ya mji. Naomba niweke adabu yake hapa, maana inawagusa hata wanaosimama nje.

Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana msije na stendi za kamera. Watu wanajaa, magari yanajaa, na mnazuia njia. Siku nyingine kila adhana inapoita, ipisheni njia ya mlango. Msielekeze lenzi kwa watu wanaotawadha wala wanaoswali, hata kama mko nje na hata kama picha inapendeza. Kina mama wanaoingia upande wao ndiyo kabisa.

Anayetaka kuingia uani au ndani aombe kwanza. Amuone mlinzi, mlinzi atamwelekeza kwa uongozi wa msikiti. Aseme wazi: nataka kupiga jengo, natumia simu au kamera, picha ni za kazi gani. Akikataliwa ashukuru aondoke. Akikubaliwa, viatu vinavuliwa, nguo iwe ya stara, mwanamke ajifunike kichwa, na mwako wa kamera uzimwe. Wakati mzuri wa kuomba ni asubuhi baada ya saa 2, au mchana kati ya Adhuhuri na Alasiri. Msije Magharibi mkitaka maelezo, muda ule mfupi kila mtu ana haraka ya swala.

#9 Mdau_wa_Makole

Ahsante sana Bi Hawa. Hili la Magharibi ni muhimu kwa mpiga picha pia, kwa sababu swala inaanza mara tu jua linapozama, na mwanga mzuri wa jioni unakuja palepale nyuma yake. Maana yake uwe umeshapata sehemu yako na umeshatulia, nje, upande wa pili wa barabara, kabla ya adhana.

#10 KivuliKirefu

Niongelee urefu. Kila mtu anataka kupanda juu kabisa. Kwa jengo moja, juu kabisa ni makosa: unalitazama kutoka juu, paa linakula picha, na mnara unapoteza ukubwa wake. Urefu unaofaa ni nusu ya kimo cha jengo. Kwa mnara wa mita 30 ni mita 15, yaani ghorofa ya nne hivi. Ukiwa hapo unashika kamera sawa kabisa bila kuinua wala kuinamisha, na mistari yote inasimama wima yenyewe. Ghorofa ya pili au ya tatu nayo ni nzuri, tena mara nyingi ndiyo inayopatikana.

Tafuta hoteli, mgahawa au jengo la ofisi lililoko kwenye pembe aliyotaja Mdau kwa msimu huo. Nenda mapokezi mchana, si muda wa kupiga. Agiza kitu, muulize meneja kama unaweza kutumia baraza au paa kwa dakika 30 jioni, na umwambie unapiga nini. Wengi wanakubali ukiomba mapema. Wanaokataa mara nyingi ni kwa sababu paa halina ukingo, na hapo usibishane.

Ukipewa chumba chenye kioo tu, gusisha mdomo wa lenzi kwenye kioo, zima taa za ndani, zungushia kitambaa cheusi au sweta. Kioo kikiwa na rangi, picha itakuwa ya kijani au bluu. Fungua dirisha au hama dirisha, usidanganyike kwamba utairekebisha baadaye.

#11 Ipagala_Kwetu

Na nyaya? Kila nikitazama picha za mji huu, nyaya za umeme zimekatisha kuba katikati.

#12 KivuliKirefu

Nyaya zina dawa tatu. Ya kwanza, vuka mstari wa nguzo. Kwa kawaida nguzo zinafuata upande mmoja wa barabara. Ukisimama kati ya nguzo na msikiti, nyaya zinabaki mgongoni. Unapoteza umbali, kwa hiyo badala ya jengo zima chukua sehemu: kuba na mnara, au nakshi za ukuta mmoja.

Ya pili ni kupanda juu ya kimo cha nyaya, kama nilivyosema. Ghorofa ya pili inatosha mara nyingi, kwa sababu hapo nyaya zinashuka mpaka kwenye usawa wa barabara, zinapotea kwenye rangi ya lami.

Ya tatu ni mti. Weka matawi ya karibu yazibe nguzo na waya, jengo litokee kwenye uwazi. Novemba na Desemba mikrismasi ikichanua, maua mekundu pembeni mwa ukuta wa waridi ni kitu cha kutafutwa. Sogea hatua moja kushoto, moja kulia, moja chini. Tofauti ya nusu mita kwako ni nguzo nzima kupotea nyuma ya shina.

#13 Upepo_wa_Kongwa

Wakuu, msimu. Dodoma haina mvua ya maana kuanzia Mei hadi Novemba, na kati ya Juni na Oktoba upepo unatoka mashariki na kusini-mashariki bila huruma. Vumbi linaanza kupanda katikati ya asubuhi na likishapanda linabaki hewani mpaka usiku. Kwa picha ya karibu halina madhara makubwa, na jioni linatengeneza anga la dhahabu. Kwa picha ya mbali linaua kila kitu.

Hewa safi kuliko zote inakuja baada ya mvua za kwanza, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Asubuhi inayofuata mvua ya usiku, vumbi limeoshwa, milima ya mbali inaonekana hadi mikunjo yake, na ukuta ulioloa una rangi nzito zaidi. Kama mtu anaweza kuchagua wiki moja tu ya mwaka, achague hiyo. Ni maoni yangu, na nayasimamia.

Baada ya mvua angalia na madimbwi ya barabarani. Geuza simu juu chini ili lenzi iwe karibu kabisa na maji, sentimita moja au mbili, bila kuyagusa. Dimbwi dogo tu linatosha kushika kuba zima kama kioo. Upepo ukivuma, subiri. Maji yakitulia sekunde mbili unayo picha.

Vifaa: stendi nyepesi hapa inatikisika. Ning'iniza begi katikati yake, ila begi liguse chini kidogo, likiwa hewani linabembea na kuitikisa zaidi. Lenzi ikiwa na vumbi, puliza kwanza kwa puto la hewa kabla ya kufuta. Vumbi letu lina chembe za mchanga wa mawe haya magumu, ukilisugua kavukavu unachora kioo. Na usibadilishe lenzi ukiwa umeukabili upepo. Geuka, au ingiza mikono kwenye begi.

#14 Bi_Hawa_Changombe

Kuba la Kanisa la Anglikana nalo lisisahaulike jamani. Liko katikati ya mji, na Kanisa Kuu la Kilutheri liko jirani yake. Ni sura ya Dodoma vilevile.

#15 Mdau_wa_Makole

Kweli kabisa. Kanuni ya umbali na ya nusu ya kimo ni zilezile. Tofauti ni kwamba kanisa halifuati Qibla, kwa hiyo usikisie mielekeo ya kuta zake, pima kwa dira. Uzuri wa kuba ni kwamba halina pembe: sehemu yoyote ya duara lake inapata jua wakati fulani. Unachotafuta ni jua likiwa ubavuni mwako, kushoto au kulia, ili upande mmoja wa kuba uwake na mwingine uingie kivulini taratibu. Jua likiwa mgongoni kwako kuba linaonekana bapa kama sahani.

#16 Kijana_wa_Kikuyu

Natumia simu ya kawaida tu. Nikielekeza msikitini, ama anga linakuwa jeupe ama jengo linakuwa jeusi. Nifanyeje?

#17 FundiLenzi

Mdogo wangu, simu inapima wastani wa mwanga wa picha nzima. Anga likiwa kubwa na jeupe, inapunguza mwanga na jengo linazama. Fanya hivi: washa gridi. Gusa ukuta wenye jua, ushikilie kidole mpaka vipimo vifungwe, kisha vuta kialama cha jua chini kidogo mpaka mawingu yaonekane. Picha ikiwa na giza kidogo inaokoleka, ila anga lililoungua limekwenda. Punguza na eneo la anga lenyewe, theluthi moja ya juu inatosha.

Rangi: asubuhi na jioni simu inajaribu kuondoa ile dhahabu na ukuta wa waridi unapauka. Kama programu ya kamera ina mpangilio wa rangi ya mwanga, uweke kwenye alama ya jua, au kati ya 5200 na 5500. Usiuache ujipange wenyewe.

Kwa kamera kubwa, f/8, ISO 100 au 200, na kwa lenzi ndefu spidi isishuke chini ya 1/250 kwenye upepo huu.

#18 KivuliKirefu

Jioni sasa. Kwetu giza linaingia haraka. Kutoka jua kuzama hadi anga kuwa jeusi kwa jicho la kamera una dakika 20 na kidogo tu. Zile ambazo anga ni la bluu na taa za jengo zinalingana nalo ni kuanzia dakika ya 10 hadi ya 20. Kabla ya hapo taa hazionekani, baada ya hapo taa zinaunguza ukuta na anga ni jeusi tupu. Juni 21 jua linazama saa 12:31 jioni, Desemba 21 saa 12:49. Miezi mingine iko humohumo au inapishana kwa dakika chache. Weka kengele ya simu.

Mwezi mpevu nyuma ya mnara: kwa wanaofuata kalenda ya Kiislamu ni rahisi, unaangukia tarehe 14 au 15. Siku nzuri kwa picha ni moja kabla yake, kwa sababu mwezi unatoka kama dakika 50 mapema kuliko siku ya mpevu, wakati anga bado lina mwanga na jengo bado linaonekana. Unatoka mashariki, kwa hiyo simama magharibi mwa msikiti. Juni mwezi mpevu unatoka kusini-mashariki na Desemba kaskazini-mashariki, kinyume na jua. Milima inayotuzunguka inauchelewesha kwa dakika kadhaa, usikate tamaa mapema.

Ukubwa wa mwezi unaamuliwa na umbali wako na jengo. Ili mwezi ulingane na kuba kwa upana, simama mbali mara 115 ya upana wa kuba. Kuba la mita 10 linataka mita 1,150. Ukiwa mita 100 tu, mwezi utakuwa kitone. Hesabu hiyohiyo ni ya jua linalozama, ila usilitazame jua kupitia tundu la kioo la kamera kubwa. Tumia skrini.

#19 Mwana_Nzuguni

Na Mlima Simba je? Vijana wanaupanda sana.

#20 Upepo_wa_Kongwa

Ni jabali zuri na mji unauona vizuri, ila kwa msikiti peke yake hesabu ya FundiLenzi inabaki palepale: pima umbali kwenye ramani ya simu kabla ya kubeba lenzi. Mpande wawili au watatu, asubuhi, kwa viatu vyenye meno, na mpite kwa uongozi wa mtaa mkaulize njia. Yale mawe yakiloa yanateleza kama yamepakwa mafuta. Nyufa zake zina nyuki na nyoka, usiingize mkono usipopaona. Mshuke kukiwa bado na mwanga. Anayetaka picha ya machweo kutoka juu awe na tochi ya kichwani, si ya simu, maana mikono yote miwili inahitajika.

Upande wa Mlimwa usiende na kamera kabisa. Kuna makazi ya Waziri Mkuu.

#21 Mdau_wa_Makole

Hapo kwenye ulinzi tuweke wazi. Huu ni mji wa Serikali. Bunge, Ikulu ya Chamwino, kambi, vituo vya polisi na kiwanja cha ndege usivielekezee lenzi bila ruhusa, hata kama viko nyuma tu ya kitu unachopiga. Ndege isiyo na rubani inataka kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) kabla haijaruka, na kiwanja cha ndege kiko hapahapa mjini. Kwa picha ya msikiti ghorofa ya nne inatosha, usijitafutie kesi.

#22 Mgeni_wa_Julai

Shikamooni wakuu. Naja kwa treni kutoka Dar katikati ya Julai, nina jioni moja tu na simu. Nipangieni.

#23 Mdau_wa_Makole

Marahaba. Julai katikati jua linazama saa 12:36 jioni. Saa 9 na nusu uwe umeshafika mtaani, zunguka jengo lote kwa miguu ukiwa na dira, utafute pembe ya kaskazini-magharibi na ghorofa yoyote iliyo upande huo, uombe ruhusa. Saa 11 hadi saa 12 piga ukiwa kwenye pembe hiyo. Jua litakuwa limeukabili ukuta wa magharibi na linaupitia wa kaskazini kwa ubavu, nakshi zitatoka. Simu wima, 1x au 2x, umbali kama alivyoandika FundiLenzi. Upande wa kusini usiupotezee hata dakika.

Saa 12:20 hamia ng'ambo ya barabara, usiwe kwenye njia ya watu wa Magharibi. Saa 12:46 hadi 12:56 ndiyo dakika zako za anga la bluu: egemeza simu kwenye ukuta au nguzo, tumia kihesabu cha sekunde 3 ili kidole kisiitikise, piga kumi na uchague moja. Upepo wa Julai una baridi usiku, beba sweta. Litafaa na kuzungushia kioo ukipewa chumba chenye dirisha.